Bahari Sebuleni kwa Adelard

Bahari ilifika Omurushaka siku ya Jumanne mchana, ndani ya madumu ya buluu, juu ya lori lililokuwa limepeleka kahawa Dar es Salaam na halikutaka kurudi tupu. Mukantabana, mpishi wa nyumba, alikuwa uani akimenya ndizi. Aliitwa aache kisu, afute utomvu mikononi, aje kusaidia kuyapokea madumu, kwa sababu utingo alikuwa amechoka na mwenye nyumba hakutaka tone limwagike.

Mwenye nyumba alikuwa Adelard, mnunuzi wa kahawa na mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, mtu wa sauti ya upole na shati jeupe lisiloshika vumbi hata kiangazi. Alikwenda Dar kwa mkutano wa wafanyabiashara, akaliona tangi la maji ya bahari kwenye hoteli aliyofikia, na tangu hapo alikuwa akiyaota matumbawe. Kwa mtu anayeishi Karagwe hiyo ni ndoto ya gharama. Lakini Adelard hakuwa mtu wa kuota halafu akaamka tu.

Tangi la kioo liliwekwa sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto, mkabala na picha ya harusi. Madumu yakamiminwa. Vikafuata mchanga mweupe, matumbawe yaliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, mashine ya kupasha maji joto, pampu, na betri kubwa ya kuwaokoa wote umeme ukikatika. Bahari ikajaa kwenye kioo, ikatulia, ikaitia nyumba nzima harufu ambayo hakuna aliyewahi kuinusa isipokuwa Adelard.

Benadeta, mama yake Adelard, alitoka chumbani na fimbo yake kuja kumwona mgeni. Aliuliza ametoka wapi, akaambiwa. Akasema aliyetoka mbali hivyo hawezi kukaa bila amwani. Amwani ni buni zilizochemshwa na majani ya harufu kisha zikakaushwa, na pande hizi mgeni hupewa atafune kabla hajaulizwa kilichomleta. Benadeta alikuwa na kikapu chake kidogo cha amwani siku zote, ingawa meno ya kutafunia aliyapoteza zamani. Mkono wake ulitetemeka na ukingo wa tangi ulikuwa juu. Kwa hiyo alimpa Mukantabana kikapu amkaribishe mgeni kwa niaba ya nyumba.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika kwa heshima. Mukantabana alizaliwa Kibingo, upande wa Kyerwa, lakini wazazi wake walitoka Rwanda, na kwao mwenyeji hampi mgeni kitu kabla hajakionja mwenyewe, ili mgeni aone kwamba hakina sumu. Pombe huonjwa, maziwa huonjwa. Mukantabana hakuona sababu ya kuifanyia bahari upungufu. Alichukua buni moja, akaipasua kwa meno, akatafuna nusu, na nusu akaidondosha majini.

Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, wawili wakigawana buni moja hawajakaribishana. Wamekula omukago. Wamekuwa ndugu, na huo ni undugu mzito kuliko wa tumbo moja, usiofunguka mpaka kaburini. Benadeta alikuwa amesimama palepale na aliona yote. Samaki mmoja alikuja, akaigusa ile nusu kwa mdomo, nayo ikazama katikati ya matumbawe.

"Sasa mmekuwa ndugu," Benadeta alisema, akarudi chumbani kulala.

Mukantabana akarudi kwenye ndizi zake.

Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe. Ni viumbe, na hujijengea mifupa kutoka kwenye kalsiamu iliyoyeyuka majini. Katika bahari kubwa kalsiamu haiishi, ila sebuleni huisha, na kadiri matumbawe yanavyokua ndivyo yanavyoila zaidi. Ikipungua, hudumaa, hupauka, hufa. Adelard alifundishwa haya kwa simu na fundi wa Dar. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alivuta maji kidogo kwa bomba la sindano, akayatia kwenye kichupa pamoja na unga fulani, yakawa ya waridi, kisha akadondosha dawa tone kwa tone hadi yakageuka buluu. Hapo alisoma kipimo. Mia nne na ishirini ndiyo afya. Chini ya hapo huongezwa unga wa kalsiamu, tena polepole, maana mkono ukizidi maji huwa meupe kama ya kuoshea mchele na pampu huziba.

Unga wa kwanza uliisha. Wa pili ulitumwa kwa basi, ukapotelea njiani, na Adelard akakaa juma zima kama mtu mwenye mgonjwa. Jumamosi ilipofika alipima akitarajia msiba. Ilikuwa mia nne na ishirini. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, bila kutia kitu, na matumbawe yalikuwa yametoa vichipukizi. Adelard alimshukuru Mungu na kuacha kuulizia kifurushi.

Wakati huo jino la nyuma la Mukantabana lilitokea kwenye kipande cha ndizi alichokuwa akitafuna. Halikuuma wala halikutoa damu. Lilikuwa jepesi kama ganda la yai, akaliweka kando ya sahani akaendelea kula. Mengine yalifuata. Kisha kamba ya kuanikia nguo, ambayo aliifunga yeye mwenyewe kwa kimo chake, ikaanza kumshinda kuifikia. Athanasi, mume wake, ndiye aliyeona kwamba pindo la gauni lake la kanisani sasa linafagia chini.

Athanasi alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la Adelard huko Nyabiyonza. Yeye, mkewe na binti yao Niyonsaba waliishi kwenye kibanda kilichokuwa ndani ya shamba hilo, kwa ridhaa ya Adelard, na ridhaa hiyo haikuwahi kuandikwa popote. Haikuwahi hata kutajwa. Kila mmoja aliijua tu, kama mtu anavyojua palipo na mlango gizani.

Haki ya mtu isemwe: bahari nayo haikuwa ndugu mchoyo. Kwenye mtungi wa Mukantabana, kule Nyabiyonza, maji yalianza kujaa na kupwa. Asubuhi yalifika mdomoni, mchana yakateremka hadi nusu, jioni yakapanda tena, na yalikuwa na chumvi. Familia ikaacha kununua chumvi. Maji ya kunywa Athanasi aliyaweka kwenye dumu mbali na mtungi, nje, chini ya mgomba. Majirani walikuja na vibakuli kuomba ya kupikia maharage, wakapewa.

Mukantabana alikwenda zahanati. Tabibu alimshika mkono, mkono ukapinda kidogo, alipouachia ukarudi. Akamwambia kalsiamu inamwishia mwilini na akamuuliza inakwenda wapi. Mukantabana alijibu kwamba inakwenda kwa ndugu yake, sebuleni kwa Adelard. Tabibu aliuliza kama ndugu huyo ni mkubwa au mdogo.

"Ni mkubwa sana," Mukantabana alisema.

Tabibu aliona hilo ni jambo la kifamilia. Alimpa vidonge, akamshauri anywe maziwa na ale dagaa.

Jumamosi hiyo kipimo cha Adelard kilipanda hadi mia nne na arobaini. Alipima mara ya pili. Kisha, kwa kuwa hakufanikiwa katika biashara kwa kuwa mjinga, alikwenda jikoni akamuuliza Mukantabana amekula nini juma hili. Mukantabana akamweleza habari ya vidonge. Adelard alisimama kidogo mlangoni, akimtazama mikono, kimo, na mapengo ya mdomoni, akaelewa yote kwa mara moja. Hakushtuka. Alihesabu haraka kichwani, kama afanyavyo mbele ya mkulima mwenye gunia, akaona kwamba unga wa Dar hautahitajika tena.

Tangu hapo Mukantabana alipewa maziwa. Ng'ombe wa Adelard walikuwa wa pembe ndefu na maziwa yao yalikuwa mazito. Kila asubuhi kikombe kikubwa kilijazwa, na Adelard mwenyewe alisimama jikoni mpaka kiishe. Dagaa waliletwa kutoka Bukoba. Kipimo kikishuka, alimwongezea kikombe. Kikipanda mno, alimnyima siku mbili tatu, kwa upole, akimweleza kwamba mkono usizidi. Sifa zake zilienea. Ibadani mhubiri alitaja, bila jina lakini kila mtu akageuka kumtazama, kwamba wako mabwana wanaowanywesha watumishi wao maziwa kwa mikono yao. Mukantabana alishukuru kila asubuhi. Maziwa ni maziwa, na utotoni kwao Kibingo aliyanywa kwa nadra.

Ila hayakukaa kwake. Yalipita tu, yakaenda yalikokuwa yakienda. Matumbawe yaliyashangilia, yakanenepa, na yaliponenepa yakataka zaidi. Moja lililokuwa karibu na kioo lilijikunja likafanya umbo la taya la chini la mtu, lenye meno yote, na mbele likaacha mwanya. Wageni waliokuja kwa Adelard walilipenda kuliko mengine. Mmoja alitaka kujua ni aina gani. Adelard akasema ni aina adimu.

Jumapili moja baada ya ibada Athanasi alipita kumchukua mkewe. Alimwamkia Benadeta shikamoo, akaingia sebuleni akiwa ameshika kofia, na akaliona taya. Mwanya ule aliujua. Ndio uliomfanya, alipokuwa kijana, atembee kwa miguu kwenda Kibingo kila siku ya gulio akisingizia kutafuta mbegu za maharage. Kisha akatoka uani akalitwaa jembe.

Benadeta alikuwa ameketi kizingitini na hakuondoa miguu.

"Athanasi mwanangu, hao wamekula omukago. Ukimuua mmoja umewaua wote wawili."

Athanasi alilirudisha jembe mahali pake, akaketi chini mbele ya bibi, akauliza undugu huo unafunguliwaje. Benadeta alisema haufunguliwi. Aliujua tangu ujana wake na hakuwahi kuona ukifunguliwa. Kinachowezekana ni mwingine kuingia, agawane buni na maji yale, ili mzigo ubebwe na wawili. Akaongeza kwamba kwa haki aliyestahili kula na mgeni tangu mwanzo ni mwenye nyumba, maana mgeni ni wake.

Athanasi alijikusanya akaenda kwa Adelard, aliyekuwa akisafisha kioo cha tangi kwa kitambaa. Alimweleza kwa heshima na kwa maneno machache.

"Athanasi, mimi ni mzee wa kanisa," Adelard alisema. "Mambo ya omukago tuliyaacha. Nikionekana nagawana buni na maji, nitawaambia nini waumini?"

"Lakini yanatokea, Mzee."

"Sikusema hayatokei. Nimesema siyaamini."

Akamwahidi Athanasi kwamba Mama Niyonsaba ataongezewa kikombe cha jioni. Athanasi akasema asante. Njia nzima ya kurudi Nyabiyonza aliichukia asante ile, akajichukia na yeye mwenyewe, lakini alikuwa ameshaisema.

Walijaribu kukimbia. Athanasi alikodi pikipiki, akampakia mkewe katikati, akampeleka Kibingo kwa dada wa mkewe, Nyirabahire; Niyonsaba alibaki mjini alikojifunza cherehani. Walidhani umbali utasaidia. Omukago haupimwi kwa umbali. Siku ya pili tu mtungi wa Nyirabahire ulianza kujaa na kupwa, na Nyirabahire, ambaye hakupenda mambo ya kumchanganya, akaufunika kwa ungo. Tofauti ya Kibingo na Omurushaka ilikuwa moja: Nyirabahire hakuwa na ng'ombe. Bila maziwa bahari ilichukua moja kwa moja kutoka kwenye mifupa. Vidole vya Mukantabana vililegea hadi kijiko kikamponyoka. Mgongo ukakataa kukaa wima. Huko Omurushaka kipimo kilibaki mia nne na ishirini, imara, na Adelard hakumtuma mtu kuwatafuta. Alimwambia tu msimamizi wa shamba kwamba kibanda kisichokaliwa huingia mchwa.

Msimamizi alimpigia Athanasi akampa habari hiyo ya mchwa. Basi wakarudi. Athanasi alimbeba mkewe mgongoni kwa kitenge, kama abebwavyo mtoto, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuchoka. Adelard aliwapokea vizuri. Hakuuliza walikokuwa. Alimimina maziwa mwenyewe, na kwa kuwa Mukantabana hakuweza kushika kikombe, akamshikia.

Kupika hakukuwezekana tena. Niyonsaba, binti yao, aliacha cherehani aliyokuwa akijifunzia mjini akashika jiko la Adelard. Mukantabana aliwekwa sebuleni kwenye kochi, ameegemezwa mito, akilielekea tangi, kwa sababu Adelard aligundua kwamba kipimo hakiyumbi anapokuwa karibu. Kutwa alikaa anayatazama meno yake yakimea majini. Hasira alikuwa nayo, nyingi, ila hakuona pa kuiweka. Kwa bahari hakuweza kuiweka. Aliionea huruma, maana ilikuwa imetolewa kwao ikafungwa kwenye nyumba ya mtu, ikikaa kwa ridhaa yake, na hilo ni jambo ambalo Mukantabana na wazazi wake hawakuhitaji kuelezwa. Mchana mwingine alizungumza nayo Kinyarwanda, na samaki walikuja kwenye kioo.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo kipimo kilisoma mia tatu na tisini.

Adelard alipima tena, ikashuka zaidi. Aliagiza maziwa, lakini Mukantabana alimeza mafunda mawili na mengine yakamtoka kando ya mdomo. Matumbawe ya juu yalikuwa yameanza kupauka nchani. Adelard aliketi akajishika kichwa. Alihuzunika kweli kweli, asije mtu akasema hakuwa na moyo. Aliyalea tangu yakiwa vipande.

"Huyu hana tena cha kutoa," Benadeta alisema kutoka kwenye kiti chake, kikapu mapajani. "Akiisha yeye, na maji yameisha."

Niyonsaba alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Yeye alikulia Nyabiyonza, amecheza na watoto wa Kinyambo, amezika na kusherehekea harusi pamoja nao, na alijua maana ya buni nzima na maana ya nusu. Alijifuta mikono akaenda kupiga goti mbele ya Benadeta.

"Bibi, naomba moja."

Benadeta alimsogezea kikapu. Hakumhimiza wala hakumzuia.

Mukantabana alijaribu kuinuka kwenye mito. Mwili ulisikia, ila haukuwa na cha kuinukia. Alivuta pumzi, na kwa mdomo ule usio na jino alisema polepole ili asikike:

"Usiume, mwanangu. Mpe nzima."

"Nikimpa nzima atakuwa mgeni wangu tu, mama. Wewe utabaki peke yako."

Kisha akaiuma. Meno yake yalikuwa mazuri na buni ilipasuka kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Nusu akaitafuna, nusu akaidondosha majini. Samaki wa mikanda myeupe alikuja akaigusa kwa mdomo, nayo ikazama ikatua ndani ya taya la mama yake.

Adelard alikuwa amefumba macho muda wote huo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Alipoyafumbua alilichukua bomba la sindano, akapima. Maji yakawa ya waridi, yakageuka buluu mahali panapotakiwa. Akamwambia Niyonsaba asante, kwa jina lake, akauliza usiku wataandaa nini.

Siku zilizofuata Mukantabana alipata nafuu ya aina yake. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikaza, akaweza kukipitisha kwenye mkono wa kikombe. Athanasi aliposikia alikuja na ndizi mbivu kushukuru. Alimkuta Niyonsaba jikoni, akamtazama, akaona pindo la sketi yake limekaribia vifundo vya miguu. Aliziweka ndizi mezani.

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya maziwa, vimejaa sawasawa, na Adelard alikuwa amesimama kando akisubiri viishe. Niyonsaba alikichukua cha mama yake, akaonja kwanza, kama ilivyo kwao, akampelekea sebuleni. Kisha akarudi akanywa chake.